Jina Halilevyi

Nakivubo ni bonde jijini Kampala. Aliyesimama hapo akiinua macho huliona kanisa kuu la Namirembe juu ya kilima chake, na karibu zaidi mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala. Chini, mtaro wa Nakivubo hupokea maji ya vilima hivyo na kuyashusha, pamoja na chupa za plastiki na udongo mwekundu, hadi kwenye kinamasi na hatimaye Ziwa Viktoria. Kando ya mtaro kuna uwanja wa mpira wa tangu 1926, uliojengwa upya miaka hii ya karibuni, na soko ambalo wengi bado huliita Owino ijapokuwa jina lake rasmi ni la shahidi Yosefu Mukasa Balikuddembe. Katika bonde kama hili maswali ya dini hayaulizwi kwa lugha ya vitabu. Huulizwa hivi: bangi ya siku hizi, ile chotara, yenye jina lake na sifa zake, inayosemwa kuwa hutuliza bila kulegeza au huchangamsha bila kutia wazimu, nayo ni haramu kama enjaga, yaani bangi, ya zamani? Jibu la haraka ni kwamba bangi ni bangi. Hukumu iliyomo ndani ya jibu hilo naikubali kwa sehemu kubwa, ila sababu yake siikubali, kwa kuwa imesimama juu ya jina peke yake, na hukumu iliyosimama juu ya jina kijana mwenye simu mkononi huibomoa kwa dakika mbili.

Tuanze na mmea wenyewe. Mkulima yeyote wa Afrika Mashariki anajua mahindi chotara: unachukua aina mbili zenye sifa tofauti, unazizalisha pamoja, unapata mbegu yenye nguvu kuliko wazazi wake. Bangi nayo imefanyiwa hivyo. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Linnaeus, aliuandika mmea huu kwa jina la sativa. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck akaueleza mmea kutoka India akauita indica. Kwa mazungumzo ya wauzaji, sativa ni mrefu, majani yake membamba kama vidole, hukawia kutoa maua, na unasemekana kuchangamsha; indica ni mfupi, majani mapana, huwahi kukomaa, na unasemekana kulaza. Bangi iliyozoeleka katika nchi za ikweta ni ya umbo la kwanza, ndefu na yenye subira, kwa sababu hapa mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima. Kuanzia miaka ya 1970 wazalishaji wa Kalifornia, na baadaye wa Uholanzi, walioanisha mimea mirefu ya Meksiko na Kolombia na mimea mifupi ya Afghanistan. Ndiko kulikotoka Skunk na majina mengine mengi. Walitaka mmea mfupi unaoweza kukua chini ya taa, unaokomaa haraka, wenye utomvu mwingi. Ukilitazama ua la jike kwa kioo cha kukuza unaona vinyweleo vidogo vyenye vichwa vya duara kama uyoga, kwanza vyangavu kama kioo, kisha vya rangi ya maziwa, mwisho vya kahawia ya asali. Ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamotengeneza karibu kila kitu ambacho watu wanabishana juu yake.

Kitu cha kwanza ni kemikali iitwayo THC, iliyotengwa na kutambuliwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. Hiyo ndiyo inayolevya. Hushika vipokezi vilivyotapakaa ubongoni: katika hipokampasi panapohifadhiwa kumbukumbu mpya, katika ubongo wa nyuma unaopima mwendo na mizani ya mwili, na katika sehemu ya mbele tunayotumia kupanga na kujizuia. Kwa hiyo mvutaji husahau sentensi aliyoianza, huona dakika tano kama nusu saa, huchelewa kukanyaga breki. Kitu cha pili ni CBD, ambayo hailevyi. Dawa iliyotengenezwa nayo ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2018 kutibu aina mbili kali za kifafa cha watoto. Kuna pia mafuta yenye harufu, yaleyale yanayopatikana katika limau, mikaratusi na pilipili manga. Uchotara umebadilisha mizani ya vitu hivi, na kwa muda mrefu ulielekea upande mmoja. Bangi iliyokamatwa na polisi wa Marekani ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi ya THC mwaka 1995. Kufikia 2014 wastani ulikuwa kama asilimia 12. Utafiti uliofanywa katika vituo 11 vya Ulaya na Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye asilimia 10 ya THC au zaidi wana uwezekano karibu mara tano wa kuingia katika maradhi ya kupoteza uhalisi, wakilinganishwa na wasiotumia kabisa. Namba hiyo haithibitishi kwamba bangi ndiyo iliyosababisha kila ugonjwa, lakini ni namba ambayo mzazi hawezi kuipita kimya.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni jingine. Watafiti walipochunguza vinasaba vya mimea inayouzwa kwa majina haya, waliona kwamba jina na mmea mara nyingi haviendi pamoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mimea miwili yenye jina moja inaweza kutofautiana kuliko mimea yenye majina mbalimbali. Mwaka 2021 wengine walionyesha kuwa vibandiko vya sativa na indica haviendani na ukoo wa mmea kwa jumla. Vinafuatana tu na mafuta machache ya harufu. Yaani muuzaji ananusa, kisha anabandika jina. Chotara nyingi zimechanganywa na kuchanganywa tena hata neno chotara lenyewe limebaki bila habari ndani yake, na ukipanda mbegu za mmea wa namna hiyo watoto hutoka kila mmoja na sura yake. Kwa hiyo kijana anayesema anatumia aina fulani isiyolevya, kwa kweli anarudia kibandiko tu. Hajui THC ni kiasi gani, CBD ni kiasi gani, wala nani aliyekibandika.

Hapo ndipo elimu ya dini, ambayo wengi huidhani nzito kwa mambo mapya, inapoonekana kuwa imetangulia. Mafakihi wa Kiislamu walishughulika na swali hili hasa: hukumu hufuata jina la kitu au hufuata athari yake? Mtume amepokewa akitahadharisha kwamba watatokea watu watakaokunywa ulevi huku wakiupa jina jingine. Imepokewa pia kwamba Umar, akiwa juu ya mimbari, aliieleza khamri kuwa ni kile kinachoifunika akili, baada ya kutaja vitu mbalimbali vilivyokuwa vikitengenezewa pombe. Maelezo hayo hayamfungi mtu kwenye zabibu wala kwenye tende. Yanamrudisha kwenye kazi ambayo kitu kinaifanya ndani ya kichwa. Wanazuoni wakaiita hiyo sababu ya hukumu: ikiwapo, hukumu ipo, ikiondoka, hukumu huondoka nayo.

Kahawa ilikijaribu kipimo hiki, nasi tuna haki ya kukitaja kisa chake katika nchi inayoishi kwa kuuza buni. Neno qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya zamani ya mvinyo kwa Kiarabu. Masufi wa Yemen walipoanza kunywa kinywaji cha buni ili wakeshe katika dhikiri, jina hilo likahamia kwenye kikombe kipya, na shaka ikahamia nalo. Mwaka 1511 mkaguzi wa masoko wa Makka, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni, kahawa ikapigwa marufuku na buni zikachomwa hadharani. Marufuku hayo hayakudumu, nao watu waliokunywa walionekana wakijua wanachosema, wakihesabu rakaa zao sawasawa, wakirudi nyumbani kwa miguu iliyonyooka. Jina lilikuwa la mvinyo, athari haikuwa ya mvinyo, na hukumu ikafuata athari. Waganda hawakuhitaji kungoja habari za Makka: walitafuna buni na kuzigawana katika kiapo cha udugu, omukago, ambacho kingekuwa upuuzi mtupu kama buni zingemwondolea mtu ufahamu wa anachoapa.

Kwa bangi mafakihi walifika kwingine, ingawa si wote kwa njia moja. Katika karne ya 13 huko Misri, al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki aligawa vitu vinavyogusa akili katika makundi: vinavyolevya kwa kuleta furaha na ushujaa wa uongo, vinavyolaza hisi, na vinavyoharibu akili bila kuleta furaha hiyo. Hashishi aliiweka katika kundi la tatu, na sababu aliyoitoa inashangaza kwa jinsi ilivyo ya mtu aliyetazama kwa macho yake. Alisema huchochea tabia iliyotawala mwilini mwa kila mmoja: mwenye hasira huzidi ukali, mzito hulala na kunyamaza, mwenye huzuni hulia na kuogopa, mchangamfu hufurahi. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, alikwenda mbali zaidi akaihesabu kuwa ulevi kamili wenye adhabu ya ulevi. Al-Zarkashi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Uganda na wa pwani, aliandika kitabu kizima kuihusu mwishoni mwa karne ya 14. Walitofautiana kuhusu adhabu, na kuhusu kama ni najisi au la. Kwamba mtu haruhusiwi kuivuruga akili yake kwa ajili ya starehe, hapo walikutana. Na ule uchunguzi wa al-Qarafi, kwamba moshi uleule huzaa kicheko kwa mmoja na hofu kwa mwingine, unayajibu matangazo ya leo yanayoahidi kwamba aina hii huleta utulivu na ile huleta ubunifu. Athari ni ya mmea, kiasi, na mtu aliyeutumia, vyote vitatu kwa pamoja. Kibandiko hakiwezi kumjua mtu huyo.

Kwa nini lakini akili ipewe heshima hii yote? Al-Ghazali aliihesabu kati ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali, na ukifikiri utaona kwamba mengine manne yanaitegemea: asiye na akili timamu hasali, hawezi kujilinda, hafungi ndoa, hauzi wala hanunui. Ukristo unafika mahali pamoja kwa njia yake. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, na Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu, alipofikishwa Golgotha, alipewa divai iliyochanganywa na manemane akaikataa. Simulizi hilo halihusu ulevi wa anasa, linahusu mtu anayetaka kuwapo kikamilifu katika saa yake ya mwisho. Nakivubo ina mfano wake. Hapo ndipo Balikuddembe, mtumishi wa jumba la Kabaka Mwanga aliyemkemea mfalme kwa mauaji ya Askofu Hannington, alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, na masimulizi ya Kikatoliki yanasema alikataa kufungwa kamba, akatuma neno la msamaha pamoja na onyo kwa mfalme. Msamaha ni tendo la mtu anayejua anachosamehe. Ukimwondolea ufahamu, hata kwa muda, unabaki na maneno yaliyomtoka mdomoni. Ninapoiita akili amana nina maana hiyo: ni mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa na akajibu, mbele ya jirani na mbele ya Mungu.

Wapo watakaosema kwamba nimeudhulumu mmea, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeuumba, na kitabu cha Mwanzo kinasema kila mche utoao mbegu amepewa mwanadamu. Hoja hii ni ya Warastafari, na si ya kubezwa. Mahakama Kuu ya Kenya iliitambua imani yao kuwa dini mwaka 2019, na mwaka 2021 chama chao kikaenda mahakamani kuomba waruhusiwe kutumia bangi katika ibada. Nchini Afrika Kusini, mhitimu wa sheria Mrastafari Gareth Prince alishindwa mwaka 2002 kwa tofauti ya kura moja ya majaji, kisha mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ya katiba ikaruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Wao hawaitetei starehe, wanasema moshi huo unafungua akili impokee Mungu. Hata miongoni mwa mafakiri wa Khurasani, katika karne ya 13, kuna waliosema hivyohivyo. Nawaheshimu, na sitaki askari aingie katika ibada yao. Ila hoja ya uumbaji inathibitisha kupita kiasi: tatula, mmea wa sumu, nayo hutoa mbegu, na hakuna anayeitia katika uji wa mtoto. Kuumbwa kwa kitu hutuambia kwamba kina faida, hakutuambii faida hiyo ni ipi. Katani ya mmea huohuo wa bangi iliyosokotwa kuwa kamba na nguo kwa maelfu ya miaka inatosha kumwondolea Muumba lawama. Na kuhusu kufunguka kwa akili, kipimo kipo: aliyefunguliwa hukumbuka alichofunuliwa, hukieleza asubuhi, na hukitii. Hisia ya kuelewa jambo kubwa ni kitu kimoja, kuelewa jambo ni kingine, na THC ina uwezo uliothibitishwa wa kutoa ya kwanza huku ikidhoofisha kumbukumbu ambayo ya pili inaihitaji.

Pingamizi gumu zaidi kwangu ni la kidogo. Ikiwa hukumu hufuata athari, basi anayevuta kidogo tu, asilewe, amevunja nini? Hapa siwezi kuikimbia kanuni yangu mwenyewe. Wanazuoni walikutana na swali hili katika kungumanga, ile kokwa inayokunwa kidogo juu ya chai na katika vyakula vya pwani. Kungumanga ikiliwa kwa wingi hulevya na kuumiza. Ibn Hajar al-Haytami, Mshafii mkubwa wa karne ya 16, aliiharamisha. Wengine katika madhehebu yaleyale wakaruhusu kile kidogo cha kukolezea. Kuhusu mairungi, yaani miraa, Ibn Hajar huyohuyo aliandikiwa na watu wa Yemen habari zinazopingana, wengine wakisema inadhuru na wengine wakisema inasaidia tu kukesha, naye akashauri watu wajiepushe bila kuthubutu kutamka uharamu wa moja kwa moja. Mzani huu unanivutia kwa uaminifu wake. Lakini kungumanga na bangi chotara haviko sawa katika jambo moja. Anayekuna kungumanga anatafuta harufu, na ile chembe anayoitia iko mbali sana na kiasi kinacholevya. Anayevuta Skunk anaitafuta athari yenyewe, na kidogo chake ni kidogo cha kitu kilichozalishwa kwa makusudi ili kidogo kisiwe kidogo. Akiila ndani ya keki ndiyo hatari zaidi: moshi hujionyesha baada ya dakika chache, lakini iliyoliwa inaweza kukaa kimya saa nzima au mbili, mtu akadhani haijafanya kazi, akaongeza, kisha zote zikamwangukia pamoja kwa saa nyingi. Ili uthibitishe kwamba kidogo chako hakilevyi lazima ujue kina nini, na tumeshaona kwamba jina halikuambii. Mipaka usiyoiona huikaribii, hasa kwa jambo usilolihitaji.

Neno hilo, kuhitaji, linabeba upande wa pili wa hoja, ambao wahubiri wengi huupita haraka. Uganda imewahi kuufundisha ulimwengu juu ya dawa inayotokana na mmea unaolaaniwa. Afyuni imeharibu watu wasiohesabika, na mofini hutoka ndani yake. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na mofini ya maji, unga uliochanganywa na maji na kutiwa katika chupa ya plastiki, ikaanza kufika vitandani mwa wagonjwa wa saratani majumbani. Mgonjwa hupewa kipimo kila baada ya saa nne. Serikali ikaiweka kuwa ya bure, na tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma hiyo wakaruhusiwa kuiandika, jambo lililokuwa geni karibu kote duniani. Sijui msikiti wala kanisa lililomnyima mgonjwa chupa ile kwa sababu mama wa dawa ile ni mpopi, mmea wa afyuni. Mofini hiyo humrudisha mtu kwenye akili yake: aliyekuwa akipiga kelele za maumivu anaweza tena kuwausia watoto wake, kuomba msamaha, kusali. Jinsi Yesu alivyoikataa divai ni habari ya msalaba wake, wala si amri ya kumnyima jirani nafuu. Kipimo ni kilekile cha mwanzo, athari kwa amana ya akili, ila sasa kinatoa jibu la ruhusa. Kwa hiyo CBD iliyopimwa maabara, anayopewa mtoto wa kifafa na daktari, siioni ina kosa gani. Hata dawa yenye THC, ikiandikwa kwa ugonjwa unaojulikana na kwa kipimo kinachojulikana, inaingia katika mlango uleule wa mofini. Mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika orodha ya vitu hatari kupita vyote visivyo na faida ya tiba. Ilikuwa kura ya kukiri kwamba orodha ya zamani iliandikwa kwa jina.

Liko pia swali la waragi, ile pombe kali ya Uganda, nalo nalijibu kwa ufupi kwa sababu halina ugumu. Kijana husema: mnatukataza bangi huku chupa za waragi zinauzwa mchana kweupe. Amesema kweli, na kweli hiyo haiihalalishi bangi, inaishtaki waragi. Mwenye kufuata athari hawezi kukifumbia macho kilevi kwa sababu kina leseni na kodi yake imelipwa. Balokole wa zamani, wale Wakristo wa uamsho, waliokataa pombe hata katika karamu za harusi, waliliona hilo mapema kuliko sisi.

Ninabaki na suala la sheria ya nchi, na hapo ndipo kosa la kuhukumu kwa jina linapomwumiza mtu mwenye mwili na damu. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria ya mihadarati ya 2015, kwa kesi iliyofunguliwa na wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso, kwa kuwa ilipitishwa bungeni bila akidi kutimia. Bunge likapitisha sheria mpya mwaka huohuo, na ndani yake bangi na mairungi zimo tena, pamoja na mlango mwembamba wa vibali kwa ajili ya tiba. Mlango huo naushukuru. Lakini kumtia gerezani mtumiaji kunadhaniwa na wengi kuwa ndiyo tafsiri ya neno haramu, na siyo. Al-Qarafi, kwa sababu hashishi aliiweka katika kundi la viharibu akili, alisema haistahili adhabu maalumu ya ulevi, bali ukanyaji unaolingana na hali ya mtu na kosa lake. Alitofautisha dhambi na adhabu kwa sababu alikuwa ametazama kitu chenyewe kinafanya nini kwa watu. Sisi tunamkamata kijana wa miaka 19 kwa msokoto mmoja, tunampeleka gereza la Luzira akae na waliozoea makubwa, tunamrudisha mtaani akili yake ikiwa imeharibika zaidi kuliko msokoto ule ungeweza kuiharibu. Ikiwa akili ndiyo amana tunayodai kuilinda, tumeilinda wapi hapo? Mtu aliyevurugika kwa bangi ana mahali pake jijini hapa, hospitali ya Butabika, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1950.

Nawaomba basi masheikh na wachungaji wa vilima vinavyolizunguka bonde hili. Kijana akiwajia na jina la bangi chotara, msimjibu kwa jina lingine. Mwulizeni ina nini ndani, ametumia kiasi gani, tangu lini, na inamfanya nini usiku akiwa peke yake. Mwambieni wazi kwamba kuifunika akili kwa starehe ni haramu, iwe kwa moshi au kwa chupa, na mwelezeni kwa nini. Kisha, kama ameshaugua, mwandamaneni naye hadi Butabika.